Papa Salma, Nimezipaka Rangi Treni Zako

Papa Salma wangu,

Anayeandika barua huanza kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa. Mimi sijui nikuulize nini. Basi nianze na hali yangu, ambayo ni mbaya, na sioni sababu ya kuipamba. Barua hii ninaiandika wazi, aisome anayetaka, kwa sababu tangu mwezi uliopita watu wa Kamembe wananisifu kwa kitu ambacho kimenivunja, na kila ninapowajibu asante ninajiona mwongo.

Treni zako, Papa Salma. Nimeziharibu. Zote, hakuna iliyopona.

Wewe unajua zilikotoka, lakini wanaotusoma hawajui, kwa hiyo univumilie nikieleza. Ulikuwa fundi wa bati pale nyuma ya soko. Ulitengeneza mbabula za kupikia kwa makaa, mifereji ya mvua na vibatari, ukaziba masufuria ya nusu ya mji. Mwaka ule tulipooana, mzee mmoja wa Nyakabuye, ambaye zamani aliwapikia wazungu Bukavu, alikuja na sufuria lililotoboka. Ulipomaliza kuliziba, akakosa cha kukupa, akafungua kifurushi cha majani makavu ya mgomba na kutoa kichwa cha treni cha bati, kidogo, cha kuzungushwa ufunguo kitembee, kimeliwa na kutu hadi kwenye magurudumu. Nilitegemea utacheka umrudishie. Ulikishika kwa mikono miwili, ukakaa chini.

Treni ya kweli ulikuwa umeiona mara moja tu, Kigoma, ulipopelekwa kwa mjomba wako ukiwa mdogo. Mimi sijaiona mpaka leo. Hapa kwetu hakuna reli, tangu Cyangugu hadi upande wa pili wa nchi, na mtu akitaka kwenda Kigali anapanda basi na kuvuka msitu wa Nyungwe huku anatapika. Siku ile uliniambia kwamba treni inapoingia unaisikia kwanza kwenye miguu, kabla ya masikio. Nikakuambia kama ni tetemeko basi hata sisi tunayo, volkano ziko jirani. Ulinitazama kwa huruma, ukaanza kutafuta msumari.

Huo msumari ndio nitakaouzungumzia baadaye. Kwa sasa niseme tu kwamba toka siku ile hukuacha. Ulivuka daraja la Rusizi kwenda soko la Kadutu, Bukavu, ukachambua magunia ya vitu vya caguwa, vya mitumba, wenzako wanatafuta mashati wewe unatafuta magurudumu. Wateja walijua udhaifu wako. Mtu akiwa na behewa la bati lililotupwa na wazungu wa zamani, analeta, anachukua mbabula yake anaondoka. Nilinuna. Nilikuambia nyumba haiwezi kula mabehewa. Ukanijibu:

"Maman Salma, ngojea. Siku moja hizi bintu zitatupeleka mbali."

"Zitatupeleka wapi? Hazina hata reli!"

"Njo maana zitatupeleka mbali."

Tulicheka. Sikumbuki kama kulikuwa na maana yoyote katika jibu lile, lakini tulicheka mpaka jirani akabisha kuuliza kuna nini.

Mwaka juzi, Salma wetu, ambaye siku hizi yuko Ubelgiji anatunza wazee, alitupigia akiwa amepagawa. Ameona tangazo la mkutano mkubwa wa wanaokusanya treni za kuchezea. Watu wanatoka nchi nyingi, wanapanga treni zao juu ya meza ndani ya ukumbi mkubwa kuliko soko letu lote, na wanakaa siku tatu wakizungumza treni tupu. Mimi nilidhani anatania. Wewe uliinuka, ukaketi, ukainuka tena. Ulimwambia, "Sema tena pole pole, mwanangu." Alisema tena. Ukamwambia arudie mara ya tatu, na safari hii ukafumba macho.

Ulipiga picha kwa simu, kila behewa juu, ubavuni na chini, ukazituma. Bwana mmoja anayepanga meza za mkutano akajibu kwa Kifaransa, na Salma akatusomea. Alisema hajawahi kupokea treni kutoka mahali pasipo na reli. Alisema anakupa meza karibu na mlango, ili kila anayeingia aanzie kwako. Ulimwambia Salma aihifadhi barua hiyo, kisha ukatoka uani bila viatu ukasimama huko peke yako. Nilipokufuata nilikuta unalia, nikarudi ndani polepole usinione.

Baada ya hapo maisha yetu yakawa safari. Ulinunua daftari. Ulichora sanduku na kuandika kipi kinakaa wapi: vichwa saba ndani ya makopo ya maziwa, mabehewa thelathini na moja ndani ya katoni za sabuni, na kati yake majani ya mgomba, kwa sababu ulisema gazeti linakwaruza. Ulifanya mazoezi ya kufunga na kufungua. Uliligonga sanduku kwa goti kujaribu barabara ya Nyungwe. Tuligombana kuhusu sambaza. Mimi nilitaka kubeba sambaza wakavu wa Kivu kwa ajili ya Salma, wewe ulisema treni zitanuka samaki mbele ya wageni. Nikakuambia basi mimi na sambaza wangu tutakaa nyumbani. Ukasema, "Usiseme hivyo, Maman Salma. Bila weye nitaongea na nani kule? Kifaransa yangu inaishia kwa bonjour."

Na ni kweli ilikuwa inaishia hapo. Asubuhi ulikuwa ukisimama mbele ya kioo na mswaki mdomoni ukijifunza kusema jina lako, jina la mji, na kazi yako. Nilikuiga ukinigeuzia mgongo. Ningejua zimebaki asubuhi chache ningekaa kimya nikusikilize.

Ulianguka ukifunga mfereji wa mvua kwa mtu. Siku tano hospitali, na Alhamisi, kabla ya chai, ukaondoka. Visa zetu zilikuwa zinasubiriwa. Yangu ilitoka. Yako ilitoka pia, wiki mbili baada ya kukuzika. Nilimwomba Salma asinitajie tena habari hiyo.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Nilikaa eda. Wasio Waislamu wajue kwamba mke aliyefiwa hukaa nyumbani kwake miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki bila lazima. Dada yangu alikuwa ananiletea vya sokoni. Siku zilikuwa ndefu namna ambayo sikuijua. Nimezoea nyumba yenye nyundo. Ukimya ule ulinila. Na Salma alikuwa ameandika kwa yule bwana, naye akajibu kwamba meza bado ni yetu, kwamba mjane akipenda aje na treni za mumewe, zitakaa palepale karibu na mlango. Nikakubali mara moja. Nilisema nitakwenda nikusimamie.

Siku ya kumi na mbili nilifungua katoni ya kwanza. Nikaziona kama mgeni angeziona: kutu, rangi imebanduka, kioo cha dirisha kimechorwa na meno ya Salma alipokuwa anaota meno. Nikaona haya. Nilijiuliza nitampelekaje mume wangu mbele ya wageni akiwa amechakaa hivi. Sisi tumelelewa namna gani? Mtoto akitumwa kwa watu anaogeshwa, anapakwa mafuta, anavishwa nguo ya Idi. Hata jogoo wa zawadi anaoshwa miguu. Na mimi ni mke wa fundi. Nilikuona miaka yote hiyo: chombo hakitoki karakana bila kusuguliwa hadi kinang'aa. Nilijua msasa wa kuanzia na msasa wa kumalizia. Rangi za magari zilizobaki zilikuwa kwenye rafu yako, makopo madogo, nyekundu, kijani, ile ya bluu uliyoipenda.

Nikaanza kusugua. Papa Salma, nitakuambia ukweli, nilikuwa na furaha. Zile ndizo siku pekee ambazo moyo wangu ulitulia tangu ulipoondoka. Nilishika kila ulichokishika. Nilisugua kutu hadi bati likatoka jeupe, nikapaka rangi mkono wa kwanza, nikaziacha zikauke dirishani, nikapaka wa pili. Nilichora madirisha kwa unyoya wa kuku. Nilizungumza na wewe saa zote hizo, nikikuuliza kama nyekundu hii inatosha, na nilihisi unaitikia.

Na ule msumari. Chini ya kila kichwa na kila behewa ulikuwa umekwaruza maneno. Nilijua maandishi yapo. Lakini nilidhani ni alama za karakana kama zile za masufuria, za kukumbusha kila moja ilitoka wapi. Mafundi wote wa bati wa Kamembe hufanya hivyo: chombo kikiletwa, jina la mwenyewe linakwaruzwa chini kwa msumari, lisichanganywe, na siku kinapoondoka jina linafutwa kwa msasa, kwa sababu kumrudishia mtu sufuria lenye mikwaruzo ya karakana ni uzembe. Mimi mwenyewe nimekufutia majina mamia. Mkono wangu ulifuta hata kabla sijafikiri. Nilisoma moja moja nilipokuwa nasugua, nikatabasamu, nikafuta.

"Kadutu, mvua." Hilo nililisoma nikafuta. "Cyangugu, siku Salma ametoka jino." Nikafuta. "Bugarama, Maman Salma ameninunia." Hilo lilinichekesha kwa sauti, peke yangu ndani ya eda, hadi nikaziba mdomo. Nikafuta.

Eda ilipoisha nilipanga zote kwenye mkeka, juu ya kanga yangu mpya, nikazipiga picha. Ziling'aa, Papa Salma. Majirani waliokuja kunitoa eda walipiga vigelegele. Nilituma picha kwa Salma nikasubiri anisifu.

Hakujibu siku hiyo. Kesho yake mchana akapiga.

"Maman, unikalie muzuri nikuambie kitu. Ni nani alipakaa ile rangi?"

"Ni miye. Juu ya nini unauliza? Haikupendeza?"

Aliishusha sauti yake.

"Maman, bale ba mukutano banasema ile rangi ya zamani njo ilikuwa treni yenyewe. Na ile kutu. Na maandiko ya Papa, ile ya chini. Ule bwana alitupatia meza juu ya sababu ya ile maandiko. Alitaka batu basome."

"Sasa ikiwa nitatoa hii rangi mupya? Nitaisugua?"

"Haiwezekane, Maman. Ukisugua, haibakie kitu."

Nilimwambia sawa. Nilimwambia ale vizuri, avae nguo nzito. Nilikata simu, nikaketi sakafuni mbele ya mkeka, na zile treni zikanitazama zote na madirisha yao niliyoyachora kwa unyoya wa kuku.

Bwana yule hakuwa mkali. Salma alinisomea barua yake yote nilipolazimisha. Alisema anaelewa kwamba ilifanywa kwa upendo. Alisema meza ile ameshampa mwingine, lakini mjane anakaribishwa kama mgeni, aingie atazame. Alimaliza kwa kuuliza kama mtu yeyote aliandika mahali maneno yaliyokuwa chini ya mabehewa. Hakuna aliyeandika. Picha ulizozituma zilikuwa kwenye simu yako, ambayo dada yangu alimpa mtu wa kusafisha simu ili itumike tena, akidhani ananisaidia. Kwa Salma zilikuja ndogo, ukizikuza zinakuwa ukungu. Yule bwana naye amebaki na chache; zinaonyesha kwamba maandishi yapo, lakini hayasomeki.

Ndipo nikaelewa ulichokuwa unafanya miaka yote. Nilikuwa nakuuliza, unakumbuka?

"Papa Salma, wewe fundi mukubwa, masufuria ya batu yanawaka, mbona zako ziko na kutu? Unanitia haya."

"Wacha, Maman Salma. Ziko muzuri vile ziko."

Nilidhani ni uvivu wa fundi kwa vyake. Nilikucheka mbele ya watu, hata kwenye harusi ya mpwa wangu nilisimulia hadithi hiyo, watu wakavunjika mbavu, na wewe ukacheka nao. Hukunieleza. Labda ulidhani nimeelewa. Labda ulidhani ni jambo ambalo mke wa miaka ishirini na sita haelezwi. Ninakukasirikia kwa hilo, Papa Salma, sitakuficha. Ungesema neno moja tu. Halafu ninakumbuka ulisema, "ziko muzuri vile ziko", ulisema mara nyingi, na mimi ndiye niliyegeuza maneno yako kuwa kichekesho, na hasira yangu inanirudia yote.

Nimechukua daftari la safari, ule ukurasa uliochorea sanduku, nikajaribu kuandika upya maneno ya chini. Thelathini na nane yalikuwepo. Ninayakumbuka tisa. Kila siku ninaketi na kalamu baada ya sala ya alasiri nikisema leo litakuja la kumi. Behewa la kijani, najua tulilipata Cyangugu kwa mama aliyeuza vitu karibu na ziwa, na najua uliandika kitu kirefu maana nilisugua sana. Sugua, sugua, nakumbuka hata nilivyochoka bega. Sikumbuki neno hata moja. Bega linakumbuka, mimi sikumbuki.

Ulikuwa umeandika maisha yetu pale chini, mahali ambapo hakuna mtu angetazama ila mwenye kugeuza. Ndoa yetu nzima, mvua zake na minuno yangu. Nami nimeyafuta kwa mkono wangu, kwa furaha, ninaimba.

Watu wanakuja kutazama. Wanaketi kwenye mkeka, wanawake wa mtaani, walimu, hata imamu alipita. Wanasema mume wangu angefurahi. Wanasema mwanamke wa namna yangu hapatikani. Ninawapa chai. Nani ataelewa nikieleza? Dada yangu nilipomweleza alinishika paji la uso kuona kama nina homa. "Lakini zimependeza!" alisema. Alisema kweli, zimependeza. Mtu akiziona dukani angemnunulia mtoto. Hakuna kinachobaki ndani yake kinachokujua wewe.

Sitakuomba msamaha katika barua hii. Nimejaribu kuomba, katika sala, kaburini, na nimerudi nyumbani vilevile. Msamaha ungetoka kwako, na wewe huwezi kuutoa. Huo ndio mzigo niliobaki nao, na sioni siku ya kuutua.

Salma ameng'ang'ania niende. Anasema tiketi ipo, visa ipo, anataka kumwona mama yake, na kwamba mtu hafi kwa kutembea ukumbini. Nimekataa mara tatu. Jana nimekubali, na sikukubali kwa ajili yake. Ninataka kuona meza zile. Ninataka kutazama kutu ya watu wengine, karibu kabisa, hadi nione ulichokuwa unakiona kila jioni ukiwa na kibatari na behewa mikononi, wakati mimi nimekugeuzia mgongo ninakoroga ugali. Nimeishi nawe miaka ishirini na sita bila kukiona. Nimechelewa, najua, na nikikiona itaniuma zaidi.

Nitapanda basi la Kigali peke yangu. Nitavuka Nyungwe na mfuko mdomoni kama kawaida yangu, hakuna wa kunishika kichwa. Nitafika kule na Kifaransa chako cha mbele ya kioo, maana kwa kukuiga nilijifunza, na sina kingine. Nitasema bonjour. Nitasema jina, na mji, na kwamba mume wangu alikuwa fundi wa bati.

Watanikalisha, najua ni watu wapole. Wataniuliza alikusanya nini. Nitawaambia treni, thelathini na nane, kila moja na neno lake chini. Watauliza ziko wapi, kwa sababu ni swali ambalo mtu yeyote angeuliza. Hapo ndipo ninapokwama kila nikifanya mazoezi mbele ya kioo. Nikisema zimepotea, nimekusingizia uzembe. Nikisema zimeibwa, nimewasingizia majirani. Inabaki kusema ni mimi niliyeziharibu, na kwa Kifaransa sijui hata neno lake, na sitaki Salma anifundishe.

Mwenyezi Mungu akupanulie pale ulipolala, Papa Salma.

Mkeo,
Maman Salma
Kamembe